Pipa la Mteremkoni

Chwele, Bungoma
24 Machi 2025

Mwanangu Sifuna,

Pokea salamu, wewe na Ivy na mtoto. Huku tuko wazima. Mvua ya kwanza imeonja ardhi ikaenda zake, na akina mama wa kanisa wamepanda bila kuingoja irudi. Nami nimepanda. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda mlima, lakini nikishuka linanyamaza. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye macho makubwa, nikampa jina la mke wako. Mwambie asikasirike, ni heshima.

Unajua sipendi simu. Maneno ya simu yakishatoka yamekwenda, na kesho mtu atakuambia hakusema hivyo. Kwa hiyo barua hii nampa Festus mwenye pikapu siku ya soko aipakie na vitunguu vyake hadi Kitale. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mlipokuja na wale vijana wa chuo mlikunywa chai yangu, mkala ndizi, mkasema mnashuka kuangalia shamba kidogo. Nikaenda kanisani kwa mkutano. Niliporudi nikakuta mabati yamesimama katikati ya shamba langu, nusu yamezikwa ardhini, yamechora vyumba viwili virefu kutoka juu hadi chini. Chini ya kila chumba kuna mfereji na mpira unaoingia kwenye pipa lenye kifuniko. Tena Jelagat, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, aliwaona mkichimba udongo, mkautia kwenye sanduku la chuma na kuubeba polepole kama mnaobeba mgonjwa.

Ulisema ni utafiti. Mimi nimefundisha chekechea miaka mingi, na najua mtu akitumia neno kubwa ni kwa sababu hataki kuulizwa neno dogo. Basi nauliza neno dogo: mnapima nini?

Jelagat naye ameniuliza kama mnaweka mpaka, nikamwambia nitakuuliza. Unajua nilivyo hapa. Mimi ni binti aliyerudi kwa baba yake. Marehemu baba yako alinionyesha mteremko huu mbele ya wazee, kutoka mstari wa makonge hadi kijitoni, akasema nilime hadi siku yangu ya mwisho na nizikwe hapa hapa. Alisema kwa mdomo, na wazee waliosikia wamemfuata. Hati ya shamba bado ina jina la babu yenu, na wewe na kaka yako Wabwile ndio mtakaoandikwa. Kwa hiyo nikiona bati limesimama shambani, roho yangu haitulii.

Niandikie wewe mwenyewe. Usimtume Festus kwa mdomo, huwa anaongeza chumvi.

Shangazi yako,
Phelista Nakhungu


Kibomet, Kitale
9 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Barua imefika na ugali haujabanduka, ila kona moja ililiwa na panya, na sidhani panya wa Festus wanajua kusoma. Ivy amecheka sana habari ya ndama, anasema atalipiza tukipata kuku. Mtoto sasa anasimama akishika kiti, halafu anaangalia pande zote kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Huku mvua inanyesha kila alasiri, na nguo hazikauki.

Kuhusu mabati, ondoa wasiwasi. Mvua ikinyesha mteremkoni, maji mengine huzama ardhini na mengine hukimbia yakibeba udongo. Sisi tunataka kujua yanabeba kiasi gani. Mabati yanazuia maji ya nje yasiingie na ya ndani yasitoroke, ili yote yaishie pipani. Chumba kimoja utalima mahindi kama kawaida, kingine tumetandaza nyasi juu ya udongo. Mimi nitakuwa nikija kupima maji, nitayakoroga na kujaza chupa. Hapa maabara tunakausha ule udongo kwenye tanuri ndogo, kisha tunaupima kwenye mizani.

Lile sanduku la chuma liko hapa mbele yangu. Limewekwa juu ya meza inayoinuliwa kwa jeki hadi ilale upande kama shamba lako linavyolala. Juu yake kuna tangi na pua za kunyunyizia. Nikifungua koki mvua inanyesha ndani ya nyumba, na Daktari Jepchirchir, mkuu wetu wa maabara, anasimama kando akiwa ameshika saa. Alihitaji mteremko mkali wenye udongo mwekundu, nami nikautaja wako. Ni hivyo tu.

Nina maombi mawili. Usiguse mapipa. Usiyafunue wala usichote maji yake, hata kisima kikikauka. La pili, kaka yangu Wabwile akitoka Eldoret kuja kukusalimia, mpikie vizuri na mwulize habari za kazi, lakini usizungumze naye mambo ya shamba. Akiuliza juu ya mabati, mwambie ni ya chuo. Naomba usiniulize sababu.

Wako,
Sifuna


Chwele, Bungoma
19 Mei 2025

Mwanangu Sifuna,

Salamu nyingi. Mahindi yamefika magotini na ndama Ivy ameachishwa kamba, anazunguka boma kama mwenye nyumba. Tumemzika mama mmoja wa kikundi chetu kanisani, na watoto wake wameanza kugombania mashamba kabla maua hayajanyauka. Nimeimba kwenye mazishi hayo moyo wangu ukiwa mahali pengine.

Barua yako nimeipata juzi tu. Pikapu ya Festus iliharibikia Kiminini, akaiacha kwa fundi, na barua ikabaki ndani ya gari mpaka spea zilipopatikana. Kwa hiyo onyo lako limenifikia wakati Wabwile amekwisha kuja na kwenda.

Alikuja na mtu. Mtu huyo hakuingia ndani, hakutaka chai wala maji, alisema amekuja kunyoosha miguu tu. Miguu yake aliinyooshea shambani kwangu. Alishuka hadi kijitoni, akapanda tena, akasimama penye mabati, akafunua pipa bila kuomba ruhusa. Akachungulia, akaona maji yamekaa safi, akamwambia Wabwile, "Hili shamba linashika udongo wake." Alikuwa anatabasamu. Wabwile naye alitabasamu, lakini mimi aliniangalia miguuni.

Mimi, kwa kuwa sikuwa nimeonywa, nilijibu kila nilichoulizwa. Nilisema mahindi yanazaa vizuri, kijito hakikauki, na barabara ya juu inapitika hata wakati wa mvua. Nilidhani mgeni anapenda kilimo. Sasa nimesoma barua yako, nahesabu upya kila nilichomwambia.

Unasema nisiulize sababu. Nauliza. Mabati yako na mtu wa Wabwile ni jambo moja au mawili? Wewe umekuja na vyuma vya kupimia, yeye akaja na macho ya kupimia, na wote mmepita kwenye mlango wangu ndani ya msimu mmoja. Nyinyi ni watoto wa tumbo moja. Nimekulea wewe wakati mama yako alipolazwa, na sijawahi kukuona ukinificha kitu ila siku ulipovunja taa. Nijibu kama ulivyonijibu siku hiyo.

Shangazi yako,
Phelista


Kibomet, Kitale
9 Juni 2025

Shangazi,

Natumai goti limepata nafuu na mahindi yamepita magoti. Huku kwetu mtoto alipata homa lakini amepona. Ivy amepata kibanda cha kushonea nguo hapo mtaa wa Tuwan, kwa hiyo asubuhi mimi ndiye ninayepika uji, na majirani wamekuja kutazama.

Kuhusu mgeni wa Wabwile nitakuandikia wakati wake. Kwa sasa nina shida nyingine, na naomba unisaidie kwa ukweli.

Mapipa yako yananitia aibu. Nimekuja mara kadhaa, umeniona, ingawa nilikuwa mbiombio na hatukukaa kuongea. Maji yamo, tena ni mengi, yanalingana na mvua iliyonyesha. Lakini hayana udongo. Ni maji ambayo mtu angeweza kunywa. Hapa maabara nimenyeshea lile sanduku mvua ile ile, mwinamo ule ule, udongo ule ule wa shamba lako, na maji yanatoka mekundu mazito hadi chupa inaonekana kama imejaa uji wa wimbi. Nimerudia, nimebadilisha pua za mashine, nimeosha mfereji. Hali ni hiyo hiyo. Mashine inasema shamba lako linakimbia, mapipa yanasema limekaa kitako.

Daktari Jepchirchir ameanza kunitazama vibaya. Ijumaa mbele ya wenzangu aliniuliza kama nina hakika naenda Chwele au naishia Kimilili kula nyama.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka. Nani anagusa mapipa? Je, ni watoto wa Jelagat wanaochota maji? Wabwile amerudi? Au kuna mtu wako wa karibu ambaye hataki kazi hii ifanikiwe? Kama unamjua, mtaje. Sitamfanya chochote.

Sifuna


Chwele, Bungoma
30 Juni 2025

Kwa Sifuna,

Hatujambo. Natumai nanyi hamjambo. Uji wa mtoto usiuache uchemke sana.

Mimi sijui mambo ya mapipa. Mwenye mapipa ni wewe, mwenye mashine ni wewe, na msomi ni wewe. Watoto wa Jelagat wana kijito mlangoni kwao, hawana shida ya maji yako. Usimtie mwanamke huyo kwenye midomo ya watu, ndiye anayenichemshia maji goti likinikamata.

Lakini na mimi nina swali la kuuliza bila kuzunguka. Jelagat huenda kanisani mchana. Jumapili iliyopita, sisi tukiwa kwenye ibada ya asubuhi, alikuona. Ulikuja na pikipiki, ukaiacha juu barabarani, ukashuka kwa miguu ukipitia kwenye makonge, ukapiga picha, ukaondoka. Hukubisha kwangu. Hukuacha hata salamu kwa mtoto wa jirani. Maziwa yalikuwa jikoni na mlango haukufungwa.

Mtoto wa ndugu yangu amekuja kwangu kama mwizi wa kuku. Nimelia, nakuambia wazi ili usije ukasema hukujua. Nilipoolewa na kurudi, watu walisema nitafukuzwa na watoto wa kaka, nikawaambia hawawajui watoto wenyewe. Sasa najiuliza kama nilikuwa nawajua.

Phelista Nakhungu


Kibomet, Kitale
14 Julai 2025

Shangazi,

Salamu zetu sote. Leo sina habari za kukuchekesha.

Ni kweli nilikuja Jumapili ile. Nilichagua saa ya ibada kwa makusudi, na najua ilivyo vibaya. Nilitaka kuona mapipa siku ambayo hakuna aliyejua ninakuja. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Kando ya pipa nilikuta karai lako la bluu, lile lenye kiraka cha lami, limejaa tope kwenye mikunjo. Juu kabisa ya chumba cha mahindi udongo ulikuwa umemwagwa mbichi na kusawazishwa kwa viganja. Alama za vidole zilikuwepo. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda, Shangazi. Nimeshikwa na mkono huo tangu utoto wangu.

Nilikasirika hivi kwamba hata kama ungekuwepo nisingebisha. Niliporudi huku nikakaa na karatasi tupu mbele yangu siku nyingi. Sasa nakuambia yote niliyokuficha, kwa sababu kuficha kumetufikisha hapa.

Mtu yule wa Wabwile ni mnunuzi. Anataka mteremko wote, kutoka makonge hadi kijitoni. Wabwile ameshakubali. Alinipigia simu Februari akitaka niunge mkono, akasema wewe utatafutiwa chumba sokoni Chwele. Nikaogopa kumkatalia uso kwa uso, yeye ni mkubwa wangu na ndiye aliyenisomesha. Nikatafuta njia ya pembeni. Nikamshawishi Daktari Jepchirchir aweke majaribio yake kwako, na chuo kikaandikiana nami mkataba kwamba shamba halitaguswa wala kuuzwa mpaka mavuno ya mwakani yamalizike. Wabwile nilimwambia mikono yangu imefungwa. Nilidhani katika muda huo nitapata ujasiri wa kusema hapana. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ulale ukiwaza chumba cha sokoni.

Mabati uliyoyachukia ndiyo yaliyokuwa yanakulinda. Na sasa Daktari anasema mteremko usiopoteza udongo haumfai, anatumia nafasi ya mashine na mafuta ya gari bure. Mwisho wa Agosti atayang'oa ayapeleke kwingine. Yakiondoka, mkataba umekufa, na Wabwile atarudi na kalamu.

Niambie tu kwa nini. Kama ulitaka kunikomoa, sema.

Sifuna


Chwele, Bungoma
28 Julai 2025

Mwanangu Sifuna,

Amani iwe kwenu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Festus alitaka kujua imesema nini, nikamwambia imesema bei ya vitunguu imeshuka, akaondoka haraka.

Unauliza kwa nini. Wewe umezaliwa Kitale, kwenye uwanda, hukulelewa na mama yangu. Sisi watoto wake wote, na baba yako mmoja wao, tulikuwa na sheria ya nyumba. Mvua kubwa ikinyesha, kesho yake hakuna chai kabla ya udongo. Tulishuka kijitoni kila mtu na kikapu chake, tukachota udongo uliotelemka, tukaupandisha juu ulikotoka, tukausawazisha kwa mikono. Mama alisema shamba la mlimani ni kama mtoto anayetembea usingizini, kazi yako ni kumrudisha kitandani. Majirani walitucheka. Lakini mashamba yao leo ni mawe, na letu bado linalimika. Nimeifanya kazi hiyo tangu utoto, nimeifanya na goti hili bovu, na hakuna aliyeniambia niache.

Halafu wewe ukaniletea mapipa. Nilipofunua la kwanza nikakuta udongo wa mama yangu umekaa chini, umekusanywa vizuri, sina haja hata ya kushuka kijitoni. Barua yako ya kunikataza iliponifikia nilikuwa nimeshaanza. Tena ulisema humo utauchukua uuchome kwenye tanuri Kitale. Nikasema haiwezekani. Kila mara nilingoja utulie, nikahamisha maji kwenye ndoo, nikachota tope, nikalirudisha juu kwenye chumba lilikotoka, na maji nikayarudisha yote pipani. Sikunywa hata tone. Mimi si mwizi.

Sikutaka kukukomoa. Ila nilikushuku, hilo ni kweli. Nilidhani mnakusanya udongo ili mseme shamba limekwisha, kisha mniondoe. Ulipouliza nikakataa, kwa sababu wewe nawe ulikuwa umekataa kunijibu, na nikaona tuko sawa.

Umeniumiza, Sifuna. Si kwa mabati. Umeniumiza kwa kunilinda kisirisiri kama mtoto wa chekechea, huku mtu anapita mbele yangu akiangalia nyumba yangu na mimi namsifia kijito. Mimi ningekuwa najua, yule mtu angeniona mwingine. Na Wabwile, aliyekusomesha kwa mahindi ya shamba hili hili, mwambie chumba cha sokoni akalale yeye.

Sasa mwambie Daktari wako ukweli wote, hata kama unaniaibisha. Halafu uniambie ninatakiwa kufanya nini.

Shangazi yako,
Phelista


Kibomet, Kitale
11 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Mtoto ametembea. Alitoka kwenye kiti hadi kwa Ivy bila kushika kitu, akaanguka, akaamka akipiga makofi. Nimetaka ujue hilo kwanza.

Daktari Jepchirchir nimemwambia yote, pamoja na ya Wabwile. Nilidhani atanifukuza. Alizima mashine ya mvua ili asikie vizuri, akaniuliza karai lako linabeba kiasi gani. Nikamwambia sijui. Akasema mtafiti asiyejua karai la shangazi yake aanze upya. Alikasirika hasa, usidhani amecheka. Vipimo vyote vya tangu Machi ametupa. Lakini mabati hatayang'oa bado. Anataka kuona mvua kubwa ya Agosti au Septemba ikipita bila mtu kugusa. Kama mapipa yataonyesha kile ambacho sanduku la hapa linaonyesha, kazi itaendelea hadi mavuno ya mwakani. Mapipa yakiwa safi tena, atahamia kwingine.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uamke asubuhi baada ya mvua, unywe chai, na uache udongo wa bibi ukae pipani. Sina njia nyingine.

Mimi nami nimefanya yangu. Nimempigia Wabwile nikamwambia sitatia sahihi, si mwaka huu wala mwakani, mkataba uwepo usiwepo. Akasema nimesahau nani alinivalisha viatu. Nikasema sijasahau. Kisha nikarudia kwamba sitatia sahihi. Desemba watu wakirudi nyumbani, nitasimama mbele ya ukoo na kurudia kwa mdomo maneno ya baba kuhusu mteremko na kuhusu kaburi lako, halafu twende kwa chifu jina lako liandikwe pamoja na yetu. Sheria inakujua, Shangazi, hata kama Wabwile anajisahaulisha.

Lakini yeye hajakata tamaa. Nasikia mnunuzi anataka kuja kutazama mara moja zaidi.

Mwanao,
Sifuna


Chwele, Bungoma
8 Septemba 2025

Mwanangu Sifuna,

Salamu kwa Ivy, na mbusu huyo mtembeaji. Ndama Ivy ameuangusha ua wa Jelagat na kula sukuma yake yote, kwa hiyo jina tumelipatia. Viazi nimevuna, nimempa Festus gunia dogo mkalile. Lipime ukilipata, simwamini.

Mvua yako imekuja. Alhamisi ilianza alasiri na kunyesha hadi kuku wakalala, mvua ya mawe ikichanganyika, kijito kikavuka njia ya Jelagat. Ijumaa niliamka na mkono wangu ukatafuta karai wenyewe, bila mimi. Nikalichukua, nikalipeleka kwa Jelagat, nikamwambia alifiche na asinipe hata nikilia. Kisha nikanywa chai. Nakuambia niliimaliza kama dawa. Nilishuka nikafunua pipa la mahindi, nikaona udongo umejaa karibu nusu ya pipa, mwekundu, laini, wa juu kabisa, ule unaozaa. Nikafunika. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kama mtu aliyemwacha mtoto wake barabarani.

Jumamosi Wabwile akaja na mtu wake. Safari hii nilijua ni nani, na sikumsifia kijito. Nilikaa kibarazani nikimenya viazi. Yule mtu akashuka moja kwa moja hadi penye mabati, akafunua pipa kama alivyozoea. Akasimama hapo. Akavunja kijiti, akakitumbukiza, kikazama hadi mkono wake ukagusa tope. Akaniita.

"Mama, huu ni udongo wa msimu mzima?"

"Wa mvua ya juzi," nikasema.

Akauliza mvua nyingine ikinyesha itakuwaje. Nikamwambia litajaa tena. Akageuka akaangalia mteremko wote, juu hadi chini, kama mtu anayeona dawa ya kuua nyoka ikimwagikia chakula chake. Alipangusa mkono kwenye nyasi, akamwambia Wabwile watazungumza kwa simu. Chai alikataa tena. Gari lake liliondoka bila Wabwile, na kaka yako ikabidi aingie ndani.

Nilimpikia vizuri, kama ulivyoniomba Aprili. Alikula akamaliza sahani. Mwishowe akauliza kama ni mimi niliyejaza pipa lile ili kuwatisha watu. Nikamwambia mimi sijui mambo ya mapipa, mwenyewe ni Sifuna. Hakuniamini, na sikuwa na haja ya kuaminiwa. Aliponiaga alinishika mkono huu wenye kidole kilichopinda, akaushikilia kidogo, akasema Desemba atakuja. Sijui anakuja kwa amani au kwa hesabu nyingine. Wewe uje mapema kuliko yeye.

Udongo umo pipani, sijaugusa. Njoo na chupa zako na mizani yako, umlete na Daktari aone mwenyewe, nitamchemshia viazi. Pimeni, kausheni, chomeni kwenye tanuri lenu mnavyotaka, na muandike.

Kisha unirudishie wote. Na usije ukaniletea udongo wa Kitale, nitaujua kwa kuushika. Nitakuwa nimechukua karai langu kwa Jelagat, nakungoja hapo juu udongo ulikotoka.

Shangazi yako,
Phelista Nakhungu